Mshono Usioonekana Chalbi

Sisi wa Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, tumezoea nyasi ndefu na miti. Jicho likienda mbali kidogo hugota. Labda ndiyo maana picha pana za jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, hunishika hivi. Chalbi ni kitako cha ziwa lililokauka zamani, mashariki ya Ziwa Turkana: ardhi bapa ya chumvi na nyufa, ambako Wagabra hupitisha ngamia wao wakielekea maji ya Kalacha na North Horr. Picha moja haiutoshi uwanja huo. Lenzi pana sana huuingiza wote, lakini Mlima Kulal, wenye zaidi ya mita 2,200, hugeuka kichuguu.

Basi fundi hupiga picha nyingi zinazopandana, kisha huziunganisha. Jambo lenyewe ni la kale: mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge aliuzunguka mji wa San Francisco kwa picha 13 zilizopangwa bega kwa bega.

Ninachokistahi zaidi hutendeka kabla jua halijatoka. Miguu mitatu ya kamera husawazishwa mpaka povu la pimamaji litulie katikati. Kamera husimamishwa wima, ipate anga na ardhi ya kutosha, halafu huvutwa nyuma juu ya reli ndogo ili mhimili wa kuzunguka upite ndani ya lenzi, pale miale inapokutana. Ukikosea hapo, milima ya mbali haitajali; jiwe lililo miguuni pako ndilo litakaloumbua kazi, kwa maana litahama kutoka picha hadi picha.

Kisha kila kitu hufungwa: fokasi, shata, tundu la lenzi, mizani ya rangi. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, itang'arisha magharibi na kufifisha mashariki, na mishono itajitangaza. Mwanga hupimwa upande wa jua. Magharibi huachiwa giza lake. Kichujio cha polaraiza hubaki mfukoni, kwani hutia doa zito la buluu katika anga pana.

Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima na rangi hazingoji mtu. Kwa hiyo mzunguko mzima hupigwa kwa muda usiozidi dakika moja, kila picha ikiilalia jirani yake kwa thuluthi.

Baadaye programu hutafuta alama zinazofanana kwenye picha jirani, na hapo jangwa humpa fundi mtihani wake mkubwa. Muybridge alikuwa na madirisha na mapaa. Anga tupu na chumvi tupu havina pa kushika, ila nyufa na nyayo za ngamia. Mpiga picha hodari huziwazia alama hizo mapema, huchagua penye nyufa za wazi, ndipo asimike kamera.

Mwenye hamu ajaribu kwenye nyika zetu zikishaungua wakati wa kiangazi. Nazo ni bahili wa alama. Programu ya Hugin hutolewa bure, na kompyuta ya kawaida inaiweza.