Ufundi wa Shimoni

Tarehe 25 Julai 2021, Oksana Lyniv kutoka Ukraine aliteremka katika shimo la okestra la Bayreuth, Ujerumani, akaongoza opera ya Richard Wagner, Der fliegende Holländer. Tamasha la Bayreuth lilianza mwaka 1876, na kwa miaka 145 hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza opera pale. Magazeti yaliishangilia habari hiyo, na ilistahili. Ila anayetaka kuupima uzito wa usiku ule na alitazame kwanza shimo lenyewe.

Wagner alitaka watazamaji waone jukwaa tu. Kwa hiyo wapigaji hukaa kwenye ngazi zinazoshuka hadi chini ya jukwaa, na juu yao kuna kifuniko. Fidla za kwanza, ambazo kwingineko huwa kushoto kwa mwongozaji, hapa zipo kulia. Sauti ya okestra hupanda, hugonga kifuniko, hurudi jukwaani kuchanganyika na ya waimbaji, ndipo iwafikie watu waliokaa ukumbini. Anachokisikia mwongozaji sicho wanachokisikia wao. Wakati wa mazoezi huwekewa simu, ili wasaidizi walio ukumbini wamwambie kama matarumbeta yamewafunika waimbaji.

Mwaka ule korona ilizidisha ugumu. Kwaya iligawanywa: wengine waliigiza jukwaani bila kutoa sauti, na wengine waliimba katika ukumbi wa mazoezi, sauti zao zikaletwa kwa vipaza sauti. Na opera hii ina dhoruba za bahari, pia ina mabaharia wanaojibizana kwa nyimbo na mabaharia wa merikebu ya mizimu. Kuyaunganisha hayo yote yawe pigo moja ni kazi ya mkono wa mtu mmoja.

Mkono huo hutangulia sauti. Mwongozaji anapouinua kabla ya noti ya kwanza, wapigaji huwa wameshajua mwendo, nguvu na hata hasira ya muziki unaokuja. Mwimbaji akihitaji kuvuta pumzi zaidi, mkono humngoja kidogo, na okestra nzima humngoja pamoja nao. Msikilizaji hagundui kitu. Huona tu kwamba wimbo umekaa mahali pake. Ni ufundi unaoonekana zaidi ukikosekana.

Lyniv hakuupata kwa haraka. Alizaliwa mwaka 1978 mjini Brody, magharibi mwa Ukraine, katika familia ya wanamuziki, akasomea muziki Lviv. Mwaka 2004 alishiriki mashindano ya waongozaji ya Gustav Mahler mjini Bamberg, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza. Mshindi alikuwa Gustavo Dudamel wa Venezuela. Lyniv alikuwa wa tatu. Akawa msaidizi wa mwongozaji Jonathan Nott huko huko Bamberg, kisha akaendelea na masomo Dresden, mji ambao Holländer ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1843, Wagner mwenyewe akiongoza. Kuanzia 2008 hadi 2013 alifanya kazi katika jumba la opera la Odesa, halafu akahamia Munich kuwa msaidizi wa mwongozaji Kirill Petrenko hadi 2017.

Kazi ya msaidizi haina shangwe. Ni kukaa na kitabu cha noti gizani huku mwingine akiongoza, kusikiliza kama sauti zimelingana, kuijua opera nzima kwa kina na kuwa tayari kushika fimbo saa yoyote. Miaka ya namna hiyo ndiyo humfundisha mtu kusikia.

Mwaka 2017 alipewa uongozi mkuu wa muziki katika opera ya Graz, Austria. Januari 2022 alianza kazi Bologna, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa mkurugenzi wa muziki wa jumba kubwa la opera nchini Italia, na mwaka 2024 aliongoza Turandot katika Metropolitan Opera, New York. Wala hakuwasahau wanaochipukia: mwaka 2016 alikuwa ameanzisha okestra ya vijana ya Ukraine, ambayo imeendelea kupiga Ulaya hata baada ya vita kupamba moto.

Bayreuth ilimwita tena. Waongozaji wengine wanawake wakafuata: Nathalie Stutzmann mwaka 2023, na Simone Young mwaka 2024. Mwaka huo tamasha lilikuwa na waongozaji watano wa opera, na watatu kati yao walikuwa wanawake.