Rangi ni ya Mwisho

Mashine ya boti huletwa New Site kwa raksha, imelazwa juu ya gunia, propela ikichungulia nje, kwa kuwa mtaa huu wa Juba uko mbali kidogo na mto. Hii ninayoitazama ni Yamaha Enduro ya nguvu farasi 40, silinda mbili, aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Imesukuma boti miaka mingi juu ya mto Bahr el Jebel, upande wa Mangalla na Terekeka. Rangi yake ya kijivu imebanduka, na palipobanduka pametoka unga mweupe. Alumini haioti kutu nyekundu kama chuma. Hulika polepole na kugeuka unga.

Fundi anafanyia kazi uani kwake, chini ya mwarobaini. Anaifunga mashine kwenye stendi ya mbao, anafungua skrubu ya chini ya giaboksi na kukinga kopo. Oili iliyozeeka hutoka nyeusi. Hii imetoka kama chai ya maziwa, maana yake maji yamepenya ndani, pengine kwenye sili ya shafti ya propela.

“Fundi, si upige rangi tu nirudi mtoni?” anauliza mwenye boti.

“Mzee, rangi ni ya mwisho. Hii inaumwa ndani.”

Zinafuata boliti, na hapo ndipo fundi anapotumia muda mwingi kuliko pengine popote. Boliti ya chuma kisichoshika kutu ikikaa miaka ndani ya alumini, na maji yakiwapo, metali hizo mbili hushikana kama zimechomelewa. Mwenye pupa huongeza urefu wa spana, na kichwa cha boliti hukatika. Huyu anapaka mafuta mepesi, anagonga kichwa kwa nyundo ndogo, anaacha hadi kesho yake. Asubuhi anapasha moto alumini inayoizunguka, si boliti yenyewe, kwa kuwa alumini hutanuka zaidi na tundu hulegea. Kisha spana: robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, mafuta tena. Boliti inalia, inanyamaza, inatoka nzima. Anaichomeka kwenye kipande cha katoni alichokichora umbo la mashine, kila boliti mahali pake. Ukinipa nichague kitu kimoja cha kuwaonyesha vijana wanaojifunza ufundi, nitachagua katoni ile.

Ndani ya pampu ya maji, mabawa ya mpira ya impela yamepinda yakabaki hivyo, na kikombe chake kimechimbwa mistari na mchanga wa mto. Vyote viwili vinabadilishwa, pamoja na sili na gasketi. Kabureta inaoshwa, matundu yake yanapulizwa kwa upepo, hayachokonolewi kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka hata kidogo kipimo cha petroli kimeharibika.

Ndipo msasa unatoka. Namba 80 kwa rangi iliyokufa, 180 kufuta mikwaruzo yake, 320 kwa maji hadi kidole kisisikie ukingo kati ya rangi ya zamani na alumini tupu. Brashi ya waya wa chuma haigusi kazi hii: huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na chembe hizo huanzisha ulikaji upya chini ya rangi. Kwenye pembe anatumia brashi ya nailoni. Anaosha kwa sabuni, anakausha, anafuta kwa thina, na kuanzia hapo hashiki tena kwa mkono mtupu, maana jasho la vidole linatosha kuifanya rangi ikatae.

Alumini tupu haingojwi. Hewa huifunika kwa utando mwembamba ambao rangi ya kawaida haiushiki vizuri, kwa hiyo siku hiyohiyo inapigwa praima yenye asidi, inayojing'ata kwenye metali. Kabla ya hapo ameziba kwa tepu nyuso zinazokutana, sehemu za waya wa ethi, na kile kibonge cha metali kilicho karibu na propela. Kibonge hicho kimewekwa makusudi kilike badala ya mashine. Kikipakwa rangi hakifanyi kazi.

Rangi yenyewe inapigwa alfajiri, jua halijawa kali wala upepo haujaamsha vumbi. Anamwagia uwanja maji, anawasha jenereta na kompresa. Mkono unaanza kusogea kabla kifaa cha kupulizia rangi hakijafika kwenye mashine na unaachia baada ya kuipita, ndiyo maana hakuna tone linalotiririka. Tabaka la kwanza ni jepesi, alumini bado inaonekana. La pili linafunika, la tatu linang'aa.

Boliti zinarudi kutoka kwenye katoni, kila moja na grisi yake. Mashine inajaribiwa ndani ya pipa la maji, kamwe si pakavu, kwani impela mpya ikizunguka bila maji huungua upesi. Kamba inavutwa, moshi unatoka, na pembeni maji ya kupozea yanaruka kwa mchirizi mmoja ulionyooka. Fundi anautazama mchirizi huo muda mrefu kuliko anavyoitazama rangi.

Nawe uliye na mashine ya boti iliyolala stoo, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu bado. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, izungushe taratibu kwa mkono. Ikizunguka, mpelekee fundi wa namna hii, na usimharakishe.