Kitabu cha Mama Aliyeshinda, na Sisi Wengine

Kuna vitabu ambavyo huwezi kuvisoma kama mhakiki tu. Let Me Hear Your Voice cha Catherine Maurice, kilichotoka Marekani mwaka 1993, nilikisoma mara ya kwanza usiku, mwanangu amelala pembeni, wiki chache baada ya daktari kutamka neno usonji. Kusema kweli nilikuwa natafuta dawa, si fasihi. Mwaka huu nimekirudia kwa utulivu, na nimegundua mambo ambayo usiku ule nisingeweza kuyaona.

Maurice ni jina la kalamu. Anasimulia jinsi bintiye, Anne-Marie, alivyogundulika kuwa na usonji kabla hajatimiza miaka miwili, na baadaye mdogo wake, Michel, naye vilevile. Sura za mwanzo ndizo bora zaidi. Mtoto anapoteza hata yale maneno machache aliyokuwa nayo, mama anahangaika, na watu wanamtuliza: atakua tu. Hiyo “atakua tu” nani asiyeijua? Mimi shangazi yangu aliniongezea na nyingine: hata baba yake alichelewa kusema. Maurice haipambi hofu yake. Anaiandika jinsi ilivyo, pamoja na hasira na aibu yake.

Kisha inaingia tiba ya tabia, ile iliyotokana na kazi ya Ole Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Unachukua jambo dogo, mfano kumtazama mtu usoni. Unatoa agizo, mtoto akifaulu anapata zawadi papo hapo, mnarudia. Tena na tena, saa 40 kwa wiki. Mwanzoni Maurice aliiona haina utu, na anakiri hivyo. Anakiri pia kwamba aliwahi kuamini tiba nyingine, ya kumkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka atulie, na kwamba alikuja kuona ahadi zake zilizidi ukweli. Mwandishi anayekubali kuonekana akikosea, mimi namwamini.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye msuko. Jina dogo la kitabu linatangaza ushindi wa familia dhidi ya usonji, kwa hiyo tangu jalada tunajua adui ni nani na mwisho utakuwaje. Watoto wote wawili wanapona, na tumaini la mama limesimama juu ya utafiti wa Lovaas wa mwaka 1987. Katika utafiti huo, kati ya watoto 19 waliopata tiba nzito, 9 waliripotiwa kufikia kiwango cha kawaida cha akili na masomo. Tena ni utafiti ambamo mtoto aliweza kukemewa kwa sauti kubwa, hata kupigwa kibao pajani.

Haya, na wale 10? Mwanangu amefanya tiba ya aina hii miezi 14. Sasa akiwa na kiu ananiletea kikombe. Zamani alikuwa anajigonga kichwa ukutani mpaka mmoja wetu akisie. Neno bado hajatamka. Usiku ule wa kwanza, nilipofunga kitabu, niliamini kwamba mtoto asipopona kosa litakuwa langu: sikuwahi, sikulipa saa za kutosha, sikupigana kama Maurice. Kitabu hakisemi hivyo, lakini msuko wake ndio unaokufikisha hapo.

Ndiyo maana ninamweka kando yake Clara Claiborne Park. The Siege chake kilitoka mwaka 1967, mwaka uleule Bruno Bettelheim alipotoa The Empty Fortress na kuwatwika wazazi lawama ya usonji wa watoto wao. Binti wa Park, anayeitwa Elly kitabuni, hakupona. Alikua, akafanya kazi, akawa mchoraji, na mwaka 2001 mama yake aliandika tena habari zake katika Exiting Nirvana. Park anaweza kukaa kurasa nyingi na hatua moja ndogo bila kuuliza imebaki mingapi hadi mwisho.

Na mwaka 1993 huohuo, Jim Sinclair, mwenye usonji mwenyewe, aliandika insha ya Don't Mourn for Us. Anawaambia wazazi kwamba wanayemlilia ni mtoto waliyemtarajia, ambaye hakuja. Huyu aliyekuja yupo, na anawahitaji. Nilipoisoma nilikasirika. Yaani huyu anajua nini kuhusu usiku wangu? Baadaye nikakubali kwamba anaujua kutoka upande wa mtoto, upande ambao Maurice hauandiki.

Kwa hiyo, wenzangu, Maurice msomeni. Sura za mwanzo peke yake zinatosha kumfanya mzazi ajue hajarukwa na akili. Ila msimsome peke yake, na mkimpa mzazi aliyetoka kwa daktari leo, mpeni na Park.