Daktari Aliyepita kwenye Waya wa Simu

Novemba 2003 tamthilia ya Doctor Who ilitimiza miaka 40, ikiwa haina kipindi kipya kwenye televisheni. BBC ikaamua kuiadhimisha kwenye tovuti yake, kwa katuni ya sehemu 6 iitwayo Scream of the Shalka. Iliandikwa na Paul Cornell, ikachorwa na studio ya Cosgrove Hall ya Manchester, na mhusika mkuu, Daktari, akapewa sauti ya mwigizaji Richard E. Grant. Ukiitazama leo utaona jinsi kila kitu kilivyokatwa kwa kipimo cha waya wa simu.

Modemu za wakati ule zilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde, yaani kilobaiti 7, tena siku laini ikiwa nzuri. Video ya kawaida haikuwa na njia hapo. Flash, programu iliyotumiwa kuitengeneza katuni hii, ilifanya kazi kama fundi anayetumiwa vipimo badala ya nguo iliyokwisha kushonwa: mstari uanzie hapa, upinde hivi, ujazwe rangi hii, na kompyuta ya mtazamaji ndiyo ichore. Mkono au mdomo hutumwa mara moja, kisha husogezwa tu. Gharama hupanda mhusika anapogeuka, maana kila pembe mpya inadai mchoro mpya. Huenda ndiyo sababu nyuso nyingi zimezama kwenye vivuli vizito. Weusi hauna maelezo mengi ya kutuma, na kwa hadithi ya kutisha unapendeza pia.

Sauti ndiyo isiyobanika kirahisi hivyo. Hapa Cornell alicheza vizuri sana, awe alikusudia au la. Maadui katika hadithi yake, viumbe waitwao Shalka, wanatawala watu kwa mlio, na wakazi wa kijiji cha Lannet wamejifungia ndani wakiogopa hata kupiga kelele. Mwanzoni mitaa ni mitupu, hakuna umati wa kuchora, na kitisho kinaingia zaidi kwa sikio.

Aliyeumia ni Grant. Kejeli yake hukaa machoni, na macho yale hayakuchorwa. Daktari wake akabaki baridi kuliko alivyostahili. Derek Jacobi, kama mhusika aitwaye Master, anafaulu kwa koo peke yake.

Grant alitangazwa kuwa Daktari wa tisa, yaani mwigizaji wa tisa kushika nafasi hiyo, lakini Septemba 2003, kabla hata sehemu ya kwanza haijatoka, BBC ilisema tamthilia inarudi kwenye televisheni, na nafasi hiyo ikaja kuwa ya mwigizaji Christopher Eccleston. Mbinu ya katuni ndiyo iliyopata kazi. Mwaka 2006 Cosgrove Hall walichora upya sehemu mbili zilizopotea za The Invasion, hadithi ya Doctor Who ya 1968, ambazo kilichosalia kilikuwa sauti tu. Miaka 10 baadaye, timu nyingine ikafanya vivyo hivyo kwa sehemu zote 6 za hadithi nyingine iliyopotea, The Power of the Daleks.