Mchapaji si Mchapishaji: Riwaya ya Kwanza ya Kujigharimia Butembo na Beni

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili tumezoea kukipokea kitabu kikiwa kimekwisha kupita mikononi mwa mhariri. Swali la nani aliyegharimia uchapaji huachwa kando, kana kwamba ni la wafanyabiashara tu. Makala haya yana lengo la kuonyesha kwamba kwa mwandishi wa Butembo au Beni anayetoa riwaya yake ya kwanza kwa fedha zake mwenyewe, swali hilo ni la kifasihi, kwa kuwa linaamua lugha ya riwaya yenyewe.

Miji hii miwili ya Kivu ya Kaskazini imetengana kwa kilometa hamsini na kitu. Wakazi wengi huongea Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya masomo ya juu. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, kutajwa katika katiba si sawa na kuwa na wachapishaji.

2.0 Mchapaji na Mchapishaji

Maneno haya mawili yanakaribiana kwa umbo, lakini kazi zake ni mbali mbali. Mchapaji hulipwa kwa kurasa alizopiga chapa, na kitabu kisipouzwa hasara si yake. Mchapishaji hubeba hasara hiyo, na kwa sababu hiyo huusoma mswada kwa jicho kali: hukata, huuliza, hurudisha. Mwandishi anayejigharimia huenda kwa mchapaji peke yake. Hivyo hulazimika kuwa mhariri, msahihishaji, msambazaji na muuzaji wa kazi yake. Aidha, kila ukurasa una bei, na ni rahisi sura ya mwisho ikafupishwa na mfuko wala si na kisa.

Njia hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Ben Mtobwa alianzisha kampuni ya Heko jijini Dar es Salaam, na ndiyo iliyotoa riwaya yake ya *Dar es Salaam Usiku* mwaka 1990. Lakini Mtobwa aliwaandikia wasomaji waliofundishwa shuleni kusoma Kiswahili Sanifu. Swali la lugha lilikwisha kujibiwa kabla hajashika kalamu. Mwandishi wa Butembo hana jibu hilo mkononi.

3.0 Kiswahili cha Nani?

Tuchukue sentensi moja nyepesi. Kwa Sanifu tutaandika: "Watoto wanaenda sokoni." Katika miji hii mtu aweza kusema: "Batoto banaenda ku soko." Tofauti haiko katika matamshi tu. Kiambishi *ba-* kinatawala ngeli ya watu, na mahali pa *-ni* pameshikwa na *ku* inayotangulia nomino. Haya si makosa ya mtu asiyesoma. Ni mfumo wenye kanuni zake.

Mwandishi ana njia tatu. Aweza kuandika kote kwa Sanifu, na wahusika wake wakaongea kama wageni katika mji wao. Aweza kuandika kote kwa Kiswahili cha mahali, akakosa tahajia iliyokubaliwa. Au aweza kumpa msimulizi Sanifu na wahusika lugha ya mtaani. Njia hii ya tatu huonekana kuwa ya busara, lakini ina hatari yake: msimulizi huketi kitini, na watu wake hubaki chini mkekani. Msomaji hufundishwa, bila kuambiwa, kwamba anayejua mambo haongei kama mama yake.

Suala hili si la mapambo. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walifariki, na Beni na Butembo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana. Watafiti wa lugha walionyesha kwamba maelezo ya afya kwa Kifaransa na kwa Kiswahili Sanifu hayakueleweka vema kwa wakazi wengi. Ikiwa onyo la kuokoa uhai lilishindwa kupita katika lugha hiyo, riwaya juu ya miaka ile, au juu ya mauaji yaliyoanza kuiandama Beni Oktoba 2014, itapitaje?

4.0 Funzo kutoka Elisabethville

Upo mfano wa Kikongo, ingawa si riwaya na umetoka mbali, kusini. Mwaka 1965, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, André Yav aliandaa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, historia ya mji iliyotolewa kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Iliandikwa kwa Kiswahili cha mji huo, ikapigwa taipu bila mchapishaji. Johannes Fabian alipoitoa pamoja na uchambuzi mwaka 1990, mgawanyo wa maneno ulikuwa mgumu hata ikabidi maandishi yasomwe kwa sauti ili maana ipatikane.

Kwa maoni yetu, mfano huu unakata pande mbili. Mhariri wa kawaida angeinyoosha lugha ile, na pamoja nayo angeipoteza sauti ya watumishi. Lakini kukosa mhariri kabisa kuliwafungia mlango wasomaji wengi.

5.0 Hitimisho

Mara nyingi husemwa kwamba mwandishi chipukizi wa Kongo anahitaji fedha. Fedha anazihitaji, lakini kikubwa anachokosa ni msomaji wa kwanza aliye mkali na mwenye heshima kwa lugha yake. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989. Na vyuo vyetu vina wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada. Kusoma miswada kwa sauti, kukubaliana juu ya mgawanyo wa maneno, kumwuliza mwandishi badala ya kumsahihisha: kazi hizi hazihitaji mtambo wa uchapaji.

Nasi wahakiki hatuna budi kujichunguza. Riwaya ya namna hii ikifika mezani petu, tusianze kwa kuhesabu makosa ya upatanisho wa kisarufi. Tuulize kwanza kama *ba-* yake ni ile ile toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ikiwa ni ile ile, basi mbele yetu tuna mwandishi aliyeamua, na uamuzi wake ndio unaostahili kuhakikiwa.