Ile asilimia 2 ya M-Pesa: tunaisoma sawasawa?

Kama umewahi kukaa kwenye semina ya uchumi wa maendeleo, asilimia 2 lazima umeisikia. Kwamba M-Pesa imezitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya zote nchini. Inatajwa kwenye hotuba, kwenye maandiko ya kuombea fedha za mradi, kwenye slaidi ya kwanza ya kijana mwenye programu mpya ya simu. Ukiuliza nani kaisoma makala yenyewe, mikono inashuka. Mimi nimeisoma mara tatu, na naomba tuipitie pamoja, maana ni kazi nzuri iliyobebeshwa mzigo usio wake.

Waandishi ni Tavneet Suri na William Jack, na makala ilitoka kwenye jarida la Science Desemba 2016. Fikiria ugumu waliokuwa nao. M-Pesa ilianza Machi 2007 na ikaenea haraka mno. Ukimlinganisha anayeitumia na asiyeitumia unajidanganya, kwa sababu huenda anayeitumia alikuwa na hela na ndugu wa mjini tangu mwanzo. Kwa hiyo wao waliangalia mawakala. Walihesabu mawakala waliofungua ndani ya kilomita 1 kutoka nyumbani kwa mtu katika miaka ya mwanzo, halafu wakaangalia hali ya kaya hizo mwaka 2014. Kaya zilizopata mawakala wengi karibu zilikuwa na matumizi makubwa zaidi kwa kila mtu, hasa zile zinazoongozwa na wanawake. Na wanawake wapatao 185,000, kwa makadirio yao, waliacha kilimo kama kazi kuu wakaingia kwenye biashara.

Mpaka hapo sina ugomvi mkubwa. Kitu kinachonishughulisha ni hatua inayofuata: kuchukua tofauti kati ya kaya na kaya, kisha kuizidisha kwa nchi nzima.

Tuseme Mama A anaishi mtaa wenye mawakala wengi. Anafungua genge la nyanya, wateja wanamiminika, kwa sababu wakija kutoa hela wananunua hapohapo. Mama B yuko mtaa wa pili, mawakala ni wachache, na wateja wake wa zamani sasa wanaenda kwa Mama A. Mtafiti akija na dodoso lake ataona A amepanda na B ameshuka. Tofauti kati yao ni kubwa, lakini nyanya zilizouzwa ni zilezile! Hapo kundi la kulinganishia lenyewe limeumizwa na kitu tunachokipima, na ukizidisha tofauti hiyo kwa nchi nzima unapata utajiri ambao haupo.

Mwaka 2019 Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliishambulia makala hii kwenye Review of African Political Economy, na hoja ya biashara mpya kuziua za jirani ilikuwa mojawapo ya silaha zao. Ni hoja nzito, ila nadhani waliipeleka mbali kuliko inavyokwenda. Kama genge jipya linamuumiza jirani wa mtaa uleule, hasara ya jirani nayo inaingia kwenye wastani wa mtaa huo, kwa hiyo haijafichwa yote. Na madhara yanaweza kwenda kinyume pia: mtu asiye na wakala karibu naye hupata kitu ndugu yake wa mjini anapotuma hela kirahisi. Hapo makadirio yanakuwa madogo kuliko ukweli. Upande gani unashinda? Data hizi peke yake haziwezi kukuambia.

Sasa tija. Waandishi wanasema kwamba kuhama kutoka shambani kwenda kwenye biashara kumeifanya nguvukazi igawanyike kwa ufanisi zaidi. Hapa ndipo ningewarudishia makala na kalamu nyekundu. Walichokipima ni matumizi ya kaya na kazi kuu ya mtu. Hawakupima kila saa ya kazi ya yule mama inazalisha nini. Ni kweli kwamba kwa wastani mtu wa biashara huzalisha zaidi ya mtu wa shamba, lakini wastani huo unachanganya duka la jumla na karai la mihogo. Genge la ishirini kwenye mtaa uleule halizalishi kama la kwanza. Margaret McMillan na Dani Rodrik walionyesha mwaka 2011 kwamba kati ya 1990 na 2005, wafanyakazi wa Afrika kuhama sekta kulivuta tija ya uchumi chini. Uchambuzi wa baadaye ulikuta hali imegeuka baada ya 2000. Kwa hiyo kuhama peke yake hakukuhakikishii lolote.

Jambo la ajabu ni kwamba matokeo yao yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, hayatajwi sana. Yako kwenye makala yao ya 2014 katika American Economic Review. Mvua ikigoma au mtu akiugua, kaya zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi kwa asilimia 7, na zinazotumia hazikuyumba. Njia yenyewe inaeleweka: gharama ya kutuma hela imeshuka, basi ndugu wengi zaidi wanachangia, tena haraka. Wabongo tuliuona umuhimu wa gharama hiyo kwa uchungu Julai 2021, tozo ya miamala ilipokuja na kufika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Kelele zilipigwa, na haikuchukua muda mrefu ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Lakini kutoanguka ni kitu kimoja, kukua ni kingine. Mfuko wa kusaidiana unamzuia mtu asiuze mbuzi wake kwa bei ya kutupa; haumpi mashine wala ujuzi mpya. Ukitaka kunishawishi kuhusu tija, niletee mauzo na saa za kazi za magenge yote ya mtaa, la Mama A na la Mama B, kabla na baada ya wakala kufika. Hadi hapo, kwenye slaidi yangu mimi nitaandika asilimia 7.