Maandishi ya Mnara wa Minnesota huko Gettysburg

Katika uwanja wa vita wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, umesimama mnara wa Rejimenti ya Kwanza ya Minnesota, askari wa miguu wa hiari, uliozinduliwa mwaka 1897. Juu yake ipo sanamu ya shaba ya Jakob Fjelde, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya uzinduzi: askari akimbia, bunduki yenye singe mkononi. Wageni huitazama sanamu. Lakini maandishi yaliyo chini yake yastahili kusomwa kwa makini zaidi, maana ni masimulizi kamili ya vita.

Masimulizi hayo ni mazuri. Tarehe 2 Julai 1863 askari wa Jenerali Sickles walikuwa wakirudi nyuma kwa fujo, na brigedi mbili za Kusini zikiwafuata. Ili apate muda wa kuleta askari wa akiba, Jenerali Hancock mwenyewe aliziamuru kombania nane, watu 262, zishambulie. Kanali Colvill akairudia amri papo hapo, nao wakateremka mbio hadi kijito cha bondeni. Vitenzi vyafuatana upesi, bila pambo. Hata katika kupima matokeo, mwandishi asema kwamba shambulio liliokoa mahali pale, na labda uwanja mzima. Hilo “labda” lina uzito kuliko sifa zote zinazofuata.

Kwani mara kalamu yabadilika. Yadaiwa kuwa ushujaa ule hauna mfano katika vita vyovyote. Ni nani aliyevipima vita vyote? Hesabu nayo ina kasoro: walioanguka ni 215, nao waitwa zaidi ya asilimia 83, hali 215 katika 262 ni asilimia 82 tu. Kosa ni dogo, ila laonyesha mkono uliotaka kuzidisha jambo lisilohitaji kuzidishwa. Zaidi ya hayo, wote waliotajwa kwa majina, majeruhi na wafu, ni maafisa. Askari wa kawaida wamebaki tarakimu: 215 walioanguka, 47 waliosalia mstarini. Katika makaburi ya taifa yaliyo karibu kipo chombo cha marumaru kilichowekwa mwaka 1867. Humo wasemao ni walionusurika wenyewe, wakiwakumbuka wenzao, wala cheo hakitangulizwi.

Mfasiri wa Kiswahili atakutana na taabu nyingine. Neno “kujitolea” hutumika kwa aliyejiandikisha kwa hiari na pia kwa aliyetoa nafsi yake. Watu hawa walijiandikisha kwa hiari mwaka 1861; mwaka 1863 waliamriwa. Akitumia neno hilo mara zote mbili, hiari ya mwanzo itaonekana kuwa ndiyo hiari ya siku ile. Afadhali aseme “wa hiari” katika jina la rejimenti, na tendo la Julai aliite utii, kwa kuwa amri yenyewe imeandikwa wazi juu ya mnara.